Buti Zilizozidi Namba Mbili

Atupele mwanangu,

Ugonile? Najua hujalala. Ni saa moja tu ya jioni, na wewe uko mezani na wenzako mnachovya nyama kwenye sufuria la pilipili na kuagana kwa kelele. Mimi nimebaki hapa nyumbani Sanyuanli, Guangzhou, na begi lako. Nimelikalia ili zipu ifunge, na imefunga. Nimeona nikuandikie kabla hujarudi, maana ukirudi utaanza kunichekesha, na mimi nikishacheka huwa nakosa nguvu ya kusema jambo zito.

Usitafute maagizo humu. Orodha iko kwenye mlango wa friji tangu wiki iliyopita, na nusu yake ni mambo uliyonifundisha wewe: kwamba jua la kwenye theluji linaunguza hata ngozi kama yetu, kwamba mtu hafungui koti kwa sababu tu amesikia joto, kwamba kofia ngumu si urembo. Mimi mtu wa Tukuyu, kabla ya hapo barafu niliyoijua ni ya friji. Sina cha kuongeza kwenye orodha ile.

Barua hii ina jambo moja, na nitalizunguka kidogo kabla ya kulisema. Univumilie. Mama yako ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hataji bei ya mwisho kabla mgeni hajakaa.

Miezi miwili tumeipanga safari hii pamoja, na nikuambie ukweli, ni miezi niliyoipenda kuliko mingi niliyoishi katika mji huu. Ulibandika ramani ya mlima ukutani, juu ya meza ya kulia, mistari ya kijani, ya buluu na myeusi, na kila tukila ugali ulinitembeza kwa kidole. "Hii ya kijani, Mama, ni ya kina sisi. Hii nyeusi ni ya wanaotafuta kufa." Nilipinga ukubwa wa mlima. Nilisema anayeanza huanza na kilima. Ukanieleza taratibu, kama unamweleza mteja mkaidi, kwamba mlima mkubwa ndio una njia nyingi za wanaojifunza, ndefu na zenye mteremko wa pole, mtu hagongani na mtu. Ukanieleza na majira: mwezi huu wa nne, wakati huku kwetu kuta zinatoa jasho na nguo hazikauki, huko Jilin theluji ya asubuhi ni ngumu kama kioo, ikifika saa nne inalainika, na saa nane mchana inakuwa nzito kama uji uliokaa. Kwa hiyo mtaanza saa nne na kumaliza kabla haijawa uji. Nilishangaa. Nikajiuliza huyu mtoto aliyakusanya lini haya yote.

Na mimi nikaingia kwenye mipango yako kwa miguu yote miwili. Nilimpigia simu yule mwalimu wa kuteleza kwa ski nikataka bei ya jumla, kwa kuwa mko sita. Nilimwambia "tai gui le", ghali mno, kabla hajataja bei yenyewe. Ulifunika uso kwa mto. Nilikununulia suruali ya theluji soko la Shahe, nikaijaribu kwa kuimwagia kikombe cha chai mbele ya mwenye duka, na haikuvuja, na yeye hakufurahi. Yote hayo uliyacheka. Lakini kuna jambo moja nililifanya ambalo hukulijua, na hilo halichekeshi.

Leo mchana, ulipokuwa umekwenda chuoni kufunga mambo yako ya maktaba, alikuja Achieng kukuletea glavu. Nilimpa chai. Alikunywa bila kuniangalia, na Achieng, unamjua, ni mtu anayekuangalia mpaka unaangalia pembeni. Nikamwuliza kuna nini.

"Mathe, usiniseme kwa Tupe," akasema. "Lakini ameshuka moyo mbaya. Tangu ile siku ya Huadu. Anasema huko mlimani yeye atatupiga picha tu, hatapanda ile lifti."

"Si anaogopa tu kidogo? Ni kawaida."

"Si hiyo tu. Ameandika message ya prof, iko kwa simu. Anaomba abaki Guangzhou, asiende ile research station ya viazi huko north. Hajaituma. Anasema akishindwa mlimani, ataituma hiyo hiyo siku. Ati mwili wake umekataa kaskazini."

Nilimshukuru, nikamfungia maandazi, nikamsindikiza mpaka kwenye ngazi. Halafu nikarudi nikakaa chini ya ramani yako. Usimkasirikie Achieng. Huyo ndiye rafiki. Anayestahili hasira yako ni mimi, na sasa nitakuambia kwa nini.

Unajua jinsi ninavyonunua. Miaka yote hii nikiingia Shahe au kule Liuhua, kichwani nina sheria moja: ongeza mbili. Nguo ya hapa ikiandikwa kubwa, kwetu Mbeya ni ya mtoto wa shule. Viatu hivyo hivyo. Yule laobanniang wangu, mama mwenye duka la magauni ghorofa ya pili, haniulizi tena. Akiniona tu anavuta mafungu ya namba mbili juu. Nguo kubwa inapunguzwa, ndogo haiongezwi. Sheria hiyo imetulisha, imekusomesha, na sijawahi kuijutia sokoni.

Ila kwako sikuianzia sokoni. Nilipoondoka Tukuyu ulikuwa na miaka minne. Baba yako tulikuwa tumemzika mwaka ule, na nilikuacha kwa bibi yako. Asubuhi ya kuondoka nilikusimamisha ukutani, nikapima mguu wako kwa kijiti, kama anavyofanya mzazi yeyote anayekwenda mnadani bila mtoto. Nikakikata sawa na kisigino, nikakitia kwenye pochi. Kijiti kile kilivuka bahari, kikatua uwanja wa ndege wa Baiyun, kikaingia kwenye maduka ya viatu. Wauzaji walinicheka. Mwaka wa kwanza kilifaa. Mwaka wa pili nikakata kingine kwa kukisia, nikaongeza upana wa kidole. Wa tatu, kidole kingine na cha akiba. Tulikuwa tunaonana kwenye simu, nakuona uso, nakuona meno yaking'oka na kuota, lakini miguu haionekani kwenye video. Nikawa naongeza tu. Mtu asiyemwona mtoto wake huongeza.

Halafu ukaja. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilisimama pale Baiyun tangu ndege yako haijagusa ardhi. Mlango ukafunguka, nikakusikia kabla sijakuona: pwata, pwata, pwata. Viatu vyeupe nilivyokutumia mimi. Ulikuwa unavikokota, umevijaza magazeti, na ulikuwa unatabasamu kwa sababu bibi yako alikuambia uvivae ili mama afurahi. Nilikukumbatia, nikalia, na watu wakadhani ni furaha tu. Nilikuwa nalilia viatu. Miaka saba, na makisio yangu yalikuwa yamekupita kote.

Ungetarajia mtu ajifunze hapo. Mimi sikujifunza.

Sasa twende Huadu, kwenye ule ukumbi wa theluji ya ndani, mwezi uliopita. Ulitaka tukajaribu kabla ya mlima wenyewe, na mimi nikasema nakuja kuona pesa yangu inavyoteleza. Ulipokuwa chumba cha kubadilisha nguo, nilisimama kwenye foleni ya buti kwa niaba yako. Wakanipa karatasi nijaze. Nikaandika arobaini na moja. Sikufikiri, mkono uliandika wenyewe. Hilo ni kosa la kazi, na kama lingeishia hapo ningekuambia siku ile ile tukacheka.

Ukavaa. Ukasimama. Ukasema, "Mama, zinacheza."

"Zitaacha kucheza," nikakujibu. "Vaa soksi ya pili."

Ukavaa soksi ya pili, kwa sababu wewe ni mtoto anayemsikia mama yake. Ukaondoka kuelekea kwa mwalimu, na yule mama wa miwani aliyekuwa anagawa buti akanigusa mkono. "Tai da le," akasema, akionyesha miguu yako. Zimezidi. Akaeleza kwa mikono, taratibu: buti ya ski inatakiwa imkamate mtu, mguu ukizunguka ndani ya buti, ule ubao hausikii mtu anataka kwenda wapi. Kichina changu ni cha sokoni, Tupe, cha "kiasi gani" na "hakuna" na "punguza". Lakini hayo niliyaelewa neno kwa neno. Alikuwa ameshashika jozi nyingine mkononi.

Nikamwambia, "Mei shi." Hakuna neno.

Akarudisha jozi ile rafuni.

Kwa nini? Nimejiuliza mchana kutwa, na kila jibu la heshima nililolipata nimelitupa. Nilitaka uuchukie mlima. Nilijua baada ya siku nne za theluji hutarudi hapa, unapanda treni moja kwa moja kwenda kituoni kwako, miaka miwili na viazi vyako, na chumba hiki kitabaki na mimi na mashine ya kufulia. Sikuweza kusema "usiende". Mama gani anamwambia hivyo mtoto aliyepata nafasi kwa akili yake mwenyewe? Nikaona buti zitanisemea.

Ulianguka mara ngapi siku ile? Niliacha kuhesabu. Ulikuwa unaelekeza magoti kushoto, ubao unakwenda kulia. Mwalimu anapiga kelele, "Geuka, geuka!" na wewe unageuka mwili mzima na miguu inabaki. Mara ya mwisho ukaingia kwenye wavu kwa bega, na ulipovua buti kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile ulinisikia, na mkuu mwenyewe ndiye aliyekuwa anakuvunja guu.

Kwenye metro ya kurudi ukaegemea bega langu ukasema, "Mama, mwili wangu haujui haya mambo. Mimi si mtu wa milima." Nikakupapasa kichwa. Nikakununulia mahindi ya kuchemsha pale kituoni. Na nilifurahi, mwanangu. Sitaki kulipamba neno hilo. Nilikuwa nimekaa na mtoto aliyeumia begani kwangu, na moyoni nilifurahi kwamba huenda utabaki.

Nimeliandika. Nimekwenda dirishani, nimerudi, na bado lipo.

Mimi ndiye ambaye sikuwa mtu wa milima. Nilikuambia utotoni mwako kwamba sikuwahi kupanda mlima Rungwe kwa sababu bibi yako alinikataza. Njia ya mwongo ni fupi: ulipomwuliza bibi akacheka mpaka akashika mbavu, ukaja kunisuta. Ukweli ni huu. Nilikuwa kidato cha pili, darasa zima lilipanda na mwalimu wa jiografia. Bibi yako alinichemshia viazi vya njiani usiku wa jana yake, akavifunga kwenye jani la mgomba. Asubuhi nikasema tumbo linauma. Hakunilazimisha, hakuniita mwongo, alinikalisha jikoni nikavila vile viazi palepale nyumbani, na vilikuwa vitamu. Wenzangu walirudi jioni wamechafuka matope mpaka mapajani, wanacheka jambo lililotokea huko juu. Niliuliza ni nini. Wakajaribu kunisimulia, wakashindwa, wakaniambia, "Ungekuwepo." Mpaka leo sijui walikuwa wanacheka nini.

Na mwanamke huyo huyo, bibi yako, nilipomwambia nakwenda Uchina kununua nguo, na mume nimemzika juzi, na mtoto namwachia yeye, alimaliza kwanza kumimina chai. Alikuwa na kila sababu ya kunizuia. Alisema, "Nenda. Njia ya kurudi unaijua." Basi. Nimekuwa namshukuru kwa maneno hayo kila mwaka, na wakati wangu wa kuyasema ulipofika, nikasema "vaa soksi ya pili".

Sikuandikii ili unihurumie. Kasirika kadiri unavyotaka. Kama kesho njiani kwenda uwanja wa ndege hutaki kuongea na mimi, nitabeba begi na kunyamaza, ingawa unajua kunyamaza kunanichosha kuliko kubeba. Ninachokuomba ni kimoja tu: usiutumie ule ukumbi wa Huadu kama ushahidi juu ya nafsi yako. Ule mtihani uliibiwa, na mwizi nimemtaja. Hujui bado kama unaweza kuteleza. Mimi pia sijui. Hakuna mtu duniani anayejua, kwa kuwa hujawahi kusimama kwenye ski ukiwa na viatu vyako.

Na ule ujumbe wa profesa, siwezi kukuambia uufute. Nimeshakuamulia vya kutosha. Labda utafika huko na buti zimekukamata sawasawa, mwalimu ni mzuri, theluji ni ya saa nne, na bado utaanguka siku zote nne na kusema hapana, kaskazini si kwangu. Hapo utakuwa umejua kwa haki. Rudi, nitakupikia ndizi na nyama, na sitaficha kwamba nimefurahi. Lakini sitaki urudi kwa sababu ya uongo wangu. Nikikupata kwa njia hiyo, nitakuwa nakaa mezani na wewe kila siku nikijua umeletwa na nini.

Jambo la mwisho, nalo ni la haraka. Kwa kuwa malipo ya safari yalipita kwenye simu yangu, fomu ya vifaa vya mlimani imekuja kwangu. Wanataka ijazwe kabla ya kesho saa sita mchana ili mkute vitu vyenu tayari. Jina, urefu, uzito, kofia, fimbo. Namba ya buti.

Nilikuwa nimeshaweka arobaini na moja, tangu kabla ya Huadu. Leo, baada ya Achieng kuondoka, nikaifuta. Nikataka kuandika thelathini na tisa, kidole kikasita. Nikajiuliza, thelathini na tisa nimeitoa wapi? Nimeitoa kwa kupunguza mbili kwenye arobaini na moja. Na arobaini na moja niliitoa wapi? Nilikwenda kutazama viatu vyako mlangoni, nikakuta ni vile nilivyonunua mimi, vyote, na ndani ya kila kimoja umeweka soli ya ziada. Hukuwahi kuniambia. Nilikaa pale sakafuni na kiatu mkononi. Miaka ishirini na miwili nakuvalisha, na mguu wako niliupima mara moja tu, kwa kijiti, ukiwa na miaka minne.

Basi pale pa buti nimepaacha wazi. Simu yangu iko mezani, juu ya barua hii, na haina nywila. Pima mguu wako ukutani, kisigino kiguse, soksi moja nyembamba, kisha andika namba yako mwenyewe.

Ukishaijaza, niamshe uniambie ni ngapi. Sitanunua kitu. Nataka tu kuijua.

Mama yako